“Hapa”: jukwaa lililochorwa kwa ajili ya mungu wa maji, Hongtong, 1324

Ukiingia ukumbi wa Mingyingwang, huko Hongtong, China, picha yenyewe huioni mpaka ugeuke. Mbele yako, upande wa kaskazini, ameketi mungu wa maji pamoja na watumishi wake wa udongo wa kufinyanga, na macho ya mgeni hukimbilia huko kwanza. Picha iko kisogoni mwako, kwenye ukuta wa kusini, upande wa mashariki wa mlango uleule uliokuingiza. Watu 11 wako kwenye jukwaa lililosakafiwa kwa vigae vya mraba. Juu yao kumetandazwa utepe wa kitambaa wenye maandishi, na nyuma yao kumetundikwa pazia lililochorwa joka na mtu mwenye upanga. Maandishi ya utepe, ukiyafupisha, yanasema kwamba Zhongduxiu, msanii wa sanyue (maigizo ya makundi ya kusafiri), kipenzi cha mji mkuu wa Yao, mfalme wa kale, anacheza hapa. Tarehe nayo ipo: mwezi wa nne, mwaka wa kwanza wa enzi ya Taiding, ndio mwaka 1324.

Katika uchambuzi huu nimelishika neno moja dogo la maandishi hayo, neno “hapa”. Picha hii imechapwa mara nyingi mno katika vitabu vya historia ya maigizo ya China, na mara nyingi huchapwa peke yake, bila ukuta, bila mlango, bila mungu anayeitazama. Ikiwa hivyo, msomaji hujifunza mavazi, ala na ndevu za bandia, akaridhika. Mimi naona nusu ya maana yake imebaki ukumbini. Waliochora jukwaa hili walilichora mahali mahususi, mbele ya mtazamaji mahususi, kwa sababu inayohusu maji ya kumwagilia mashamba. Ukishaijua sababu hiyo, hata pazia lile unaanza kulitazama kwa jicho jingine.

Maji ya Huo

Hekalu la Mungu wa Maji liko chini ya Mlima Huo, katika kaunti ya Hongtong, mkoa wa Shanxi, kaskazini mwa China. Ni sehemu ya Guangsheng, ambako kuna hekalu la Kibudha la juu mlimani, lenye mnara maarufu wa ghorofa 13 uliovikwa vigae vya kung'aa, na hekalu la Kibudha la chini. Hili la chini na la mungu wa maji ni majirani wa karibu sana. Msomaji awakumbuke majirani hawa wawili, maana huko mbele mambo yao yatatofautiana vibaya.

Chemchemi ya Huo inabubujika papo hapo. Shanxi ni nchi ya udongo wa manjano na mvua za kubahatisha. Mkulima mwenye mfereji ana chakula, asiye nao anatazama mbingu. Tangu enzi ya Tang (karne ya 7 hadi ya 10) maji ya chemchemi yamegawanywa kwa mifereji miwili, wa kaskazini ukienda Zhaocheng na wa kusini ukienda Hongtong. (Zhaocheng leo imo ndani ya Hongtong, lakini zamani ilikuwa kaunti kamili yenye mahakama yake na fahari yake.) Mgao ulikuwa saba kwa tatu: sehemu saba Zhaocheng, sehemu tatu Hongtong. Watu waliupigania mgao huo karne kwa karne, kwa mashtaka na kwa marungu. Wenyeji husimulia kwamba ili ugomvi uishe lilitengwa sufuria la mafuta juu ya moto, mafuta yakachemka, zikatumbukizwa sarafu kumi, na kila upande ukatoa shujaa wa kuingiza mkono. Shujaa wa Zhaocheng akaibuka na sarafu saba. Ni ngano, lakini mashujaa hao wamejengewa hekalu dogo karibu na maji. Mwaka 1725 mkuu wa eneo la Pingyang, Liu Dengyong, aliamuru nguzo 11 za chuma zisimikwe kukatiza mkondo. Zikafanya vipenyo kumi vya maji, saba vya mfereji wa kaskazini na vitatu vya mfereji wa kusini. Hata asiyejua kusoma aliweza kusimama ukingoni akahesabu haki yake kwa vidole.

Mwenye chemchemi, kwa imani ya watu wa hapo, ni Mingyingwang, anayesemwa kuwa mwana wa kwanza wa mungu wa Mlima Huo. Jina hilo ni cheo cha kifalme. Katika mazungumzo ya nyumbani watu wamezoea kumwita Dalang, yaani mwana mkubwa. Mifereji yote miwili ni yake. Kwa hiyo Zhaocheng na Hongtong, waliokuwa wakivutana kila kukicha, walikuwa na mlango mmoja wa kupigia hodi.

Septemba 1303 tetemeko kubwa liliipiga Hongtong na bonde la Mto Fen. Inakadiriwa kwamba watu zaidi ya 200,000 walikufa, na mahekalu ya Guangsheng yakaanguka. Yaliinuliwa polepole. Ukumbi wa mungu wa maji ulianza kujengwa upya mwaka 1305, ukumbi mkuu wa hekalu la chini ukasimama mwaka 1309, na mwaka 1319 likachongwa jiwe la maandishi la kuadhimisha ujenzi mpya wa ukumbi wa Mingyingwang. Picha za kuta zake zina tarehe ya 1324. Aliyekuwa mtoto wa miaka kumi siku ardhi ilipotikisika alikuwa mtu mzima wa miaka 31 rangi zilipokauka. Nalitaja hili kwa sababu mavazi mekundu, ngoma na filimbi za ukutani humfanya mtu adhani picha ni ya watu wasiojua msiba. Waliotoa mchango wa rangi hizo walikuwa wameshazika.

Jiwe lile la 1319 linaeleza sherehe ya mungu, ambayo siku yake kuu ni tarehe 18 ya mwezi wa tatu wa kalenda ya Kichina. Linasema watu walikuja kutoka miji ya mbali na vijiji vya karibu, wenye nacho kwa magari na farasi, wasio nacho kwa fimbo na makubadhi, wakiwa na wake na watoto, wamewabeba wazee na wadhaifu. Vijiji vilichanga kila mwaka gharama za wasanii, wanyama wa sadaka na vitu vya kutolewa. Watu wakastarehe siku kadhaa mpaka wakatosheka, na walipoondoka walikuwa wakigeuka nyuma kutazama kama waliosahau kwamba wana kwao.

Hapo pa kuchangia wasanii ndipo mtu atulie. Mchezo haukuwekwa kando ya ibada ili kuwachangamsha watu baada ya sala. Uliorodheshwa pamoja na mnyama wa kuchinjwa. Ulikuwa sehemu ya kile alichodai mwenye maji, na kijiji kisichochanga wasanii kilikuwa kimekula maji ya mungu bila kulipa.

Nani anatazama

Katika mahekalu ya Shanxi jukwaa huelekea kwa mungu. Karibu na mji wa Linfen yamesalia majukwaa machache ya enzi ya Yuan, enzi ya Wamongolia ya karne ya 13 na 14, yanayoonyesha jambo hilo wazi, kama lile la Hekalu la Mfalme wa Ng'ombe kijijini Wei, ambalo nguzo yake ya jiwe ina tarehe ya 1283, na lile la kijiji cha Dongyang, la 1345. Ni mabanda imara ya paa kubwa la mbao, yenye chumba kimoja tu kilichoachwa wazi upande wa mbele. Hayana chumba cha nyuma cha wasanii kilichojengwa. Sehemu ya kuchezea ilitenganishwa na sehemu ya kujiandalia kwa kitambaa kilichotandwa katikati. Binadamu walisimama uani, baina ya jukwaa na ukumbi, wakitazama mchezo ulioletwa kwa ajili ya mwenye nyumba.

Katika hekalu la Mingyingwang mpango ni huohuo: upande wa kusini lango lenyewe ni jukwaa, limeelekea ukumbi. Sasa jiweke mahali pa mungu. Ameketi kaskazini, anatazama kusini. Mbele yake kuna mlango, na nje ya mlango, mbali kidogo, kuna jukwaa la kweli linalochezewa siku chache kwa mwaka. Ubavuni mwa mlango huohuo, ndani ya ukumbi, kuna jukwaa la rangi, na juu yake kundi zima limeshasimama, limevaa, ala ziko tayari.

Jambo ambalo sijaona likipewa uzito wa kutosha ni kwamba katika picha hiyo hamna mtazamaji hata mmoja. Wachoraji wa ukumbi huu hawakuwa wachoyo wa kuchora watu ukutani. Kuta nyingine zimejaa: kuna waombaji wanaopiga magoti mbele ya mungu wakitaka mvua, kuna mvua ikiteremshwa, kuna wachezaji wa bao la weiqi, kuna watu wanaopiga mpira mdogo kwa fimbo kuupeleka kwenye shimo, kuna muuza samaki na samaki wake. Wangetaka kuchora umati wa sherehe, wale wa magari na wa makubadhi, wangeuchora. Hawakuuchora. Mbele ya wasanii picha inakomea ukingoni mwa sakafu ya jukwaa, na baada ya hapo inaanza sakafu ya ukumbi. Mahali pa mtazamaji pameachwa ndani ya chumba, na katika chumba hicho aliyeketi ni mmoja.

Ndiyo maana naisoma picha hii kuwa ni malipo. Sherehe huisha. Kundi hufunga mizigo, vijiji hurudi mashambani, na kuna miaka ambayo njaa au vita huzuia hata mchango wenyewe. Rangi ukutani inalipa siku zote.

Jukwaa lenyewe na pazia lake

Katikati ya safu ya mbele amesimama mtu aliyevaa joho jekundu la ofisa na kofia nyeusi yenye mabawa mawili yaliyonyooka kwa pembeni, ameshika kwa mikono miwili kibao cha heshima ambacho maofisa walikishika mbele ya mfalme. Wachambuzi wengi wanamtambua kuwa ndiye Zhongduxiu, mwanamke aliyevaa umbo la mwanamume. Wenzake wanne wa mbele wamejipanga kulia na kushoto kwake, na wapo waliobandika ndevu, wapo waliokoleza nyusi kwa wino mzito. Mmoja amepakwa weupe machoni, rangi ya mchekeshaji, na hapo tunaona mapema sana jamaa wa zile nyuso za rangi ambazo leo kila mtu huzihusisha na opera ya Kichina. Nyuma yao wako wanamuziki, wenye ngoma kubwa, filimbi na vibao vya kugongana. Kuna upanga, kuna pepeo la mkononi. Hakuna meza, hakuna kiti, hakuna kiigizo cha nyumba wala mlima. Hakuna tukio linaloendelea pia: hawapigani, hawalii, hawaimbi kwa kuelekeana. Wamesimama kama kundi linalojionyesha, ama kabla ya kuanza ama baada ya kumaliza.

Utepe wa juu ni kitu cha kikazi. Kundi la kusafiri lilikuwa na kitambaa chake chenye jina, likakitundika popote lilipofika. Tazama basi ujanja wa maneno yenyewe. “Anacheza hapa”, bila jina la kijiji wala hekalu. Maneno hayo ni kweli popote yatakapotundikwa. Kesho yakitundikwa kijiji cha pili, “hapa” itahamia huko. Ni neno la watu wa njiani. Mchoraji alipolinakili ukutani pamoja na tarehe, alilifunga. “Hapa” iliyokuwa ikikunjwa na kutiwa mzigoni ikawa ya chumba hiki, ya mwezi wa nne wa 1324, na haikukunjwa tena.

Jina la Zhongduxiu tunalijua kwa sababu ya ukuta huu. “Xiu” mwishoni lilikuwa pambo la kawaida la majina ya wasanii wa kike wa enzi ya Yuan. Zhulianxiu, aliyesifiwa na waandishi wakubwa wa zama zake, ndiye anayejulikana zaidi. Katika zaju, aina ya mchezo iliyotawala wakati huo, mwigizaji mmoja tu ndiye aliyeimba mchezo wote na wengine wakasema kwa maneno. Kundi lilisimama juu ya koo moja. Wanawake waliimba nafasi za kiume bila watu kushangaa, na huyu wa joho jekundu ni ushahidi wake. “Mji mkuu wa Yao” ni Pingyang, Linfen ya leo, ambako inasimuliwa kwamba mfalme wa kale Yao alikaa. Si mbali na Hongtong, na palikuwa pahali pa mchezo hasa: waandishi wa zaju Zheng Guangzu na Shi Junbao walitoka eneo hilo. Kwa kuandika kwamba anapendwa Pingyang, kundi liliwaambia watu wa mifereji kwamba hawaletewi mgeni asiyejulikana. Mcheza kwao hutunzwa, na huyu alikuwa ametunzwa kwao kabla ya kufika kwa mungu.

Nasema kwa kuguswa kwamba jambo hili si dogo. Wasanii wa aina yake walihesabiwa katika tabaka la chini, familia zao zikirithishana kazi hiyo zikitaka zisitake. Maofisa walioitawala Pingyang mwaka ule wanahitaji kutafutwa kwenye nyaraka. Yeye jina lake liko juu ya vichwa vya kundi lake, ndani ya nyumba ya mungu, kwa herufi kubwa.

Tuje kwenye pazia, kwa kuwa ndilo pambo pekee la jukwaa hili. Ni vitambaa viwili vilivyochorwa, kimoja kina mtu aliyeinua upanga kana kwamba anataka kukata, kingine kina joka linalojipinda na kutoa makucha. Wataalamu wamependekeza majina kadhaa ya shujaa huyo kutoka katika hadithi za wauaji wa majoka. Pazia la kusafiri lingeweza kuchorwa chochote, maua, ndege, milima. Hapa kuna joka, na joka katika imani ya Wachina ndilo bwana wa mvua na mito. Likitulia maji huja kwa kiasi, likikasirika huja mafuriko, likijificha ardhi hupasuka. Siwezi kudai kwamba kundi lilichora pazia hilo kwa ajili ya hekalu hili. Ila mchoraji wa ukuta aliamua kulionyesha waziwazi, joka upande wake na upanga upande wake, katika ukumbi ambamo watu walikuja kuomba maji yaje na yasije kupita kiasi. Kwa mkulima wa mfereji wa kusini, mwenye sehemu tatu katika kumi, joka na upanga havikuwa mapambo matupu.

Na pembeni mwa pazia kuna yule ambaye watu wengi humpenda kuliko wote: mtu aliyeinua ukingo wa kitambaa, anachungulia. Sura yake ni kipande tu. Mchoraji angeweza kumwacha, asingekosekana. Lakini kwa kumweka pale, ametuonyesha kwamba pazia lina nyuma, kwamba kuna watu zaidi ya tunaowaona, na kwamba njia ya kuingilia jukwaani ni ukingo huo wa kitambaa. Majukwaa ya karne za baadaye yaliweka ukuta wa mbao mahali pa kitambaa, ukachorwa na kuchongwa, ukatobolewa milango miwili. Juu ya mmoja huandikwa “majenerali wanatoka” na juu ya wa pili “mawaziri wanaingia”. Kutoka na kuingia kwote huko kulianza na mkono ulioinua kitambaa.

Kuhusu ufundi nitasema machache yanayohitajika kwa yatakayofuata. Ukuta wa aina hii haukuchorwa chokaa ikiwa mbichi. Matofali au udongo hupakwa tope lililochanganywa na makapi, kisha tabaka laini lenye nyuzi, kisha weupe, na yote yaachwe yakauke. Mistari huchorwa kwa wino, halafu rangi hutiwa kwa gundi: kijani na buluu za mawe ya shaba, nyekundu ya jiwe la zebaki, na dhahabu pale ilipopatikana. Rangi hizo hudumu miaka mamia kama paa halivuji. Zikipata unyevu, gundi huachia. Na tabaka lile la udongo, kwa kuwa limebandikwa tu juu ya ukuta, mtu mwenye msumeno na subira anaweza kulibandua.

Jirani

Hekalu la chini la Kibudha nalo lilichorwa upya baada ya tetemeko. Kuta za pembeni za ukumbi wake mkuu zilibeba mikutano mikubwa ya Mabudha na watumishi wao, kazi za daraja la juu kabisa katika uchoraji wa enzi ya Yuan. Hazipo. Mwishoni mwa miaka ya 1920 paa lilikuwa linaporomoka, watawa hawakuwa na fedha, na wanunuzi wa vitu vya kale walikuwa wamekuja. Picha zikauzwa. Jiwe la maandishi la 1929 halikuficha kitu: linasema picha zilithaminiwa zikauzwa kwa yuan 1,600 za fedha, na fedha hizo zikatumika kutengeneza hekalu.

Zilikatwa vipande vipande, zikasafiri. Ule mkutano wa Buddha wa Tiba, wenye kimo cha mita 7.5 na upana wa mita 15, uko Metropolitan Museum of Art, New York. Mwenzake uko Nelson-Atkins Museum, Kansas City, ulionunuliwa kupitia mfanyabiashara C. T. Loo. Picha nyingine za hekalu hilohilo ziko Penn Museum, Philadelphia. Ukumbini kwao vimebaki vipande vichache juu kabisa, karibu na paa, ambako pengine msumeno haukufika. Liang Sicheng na mkewe Lin Huiyin, waliokuwa wakizunguka nchi kutafuta majengo ya kale, walifika Guangsheng mwaka 1934 pamoja na marafiki zao John na Wilma Fairbank. Waliukuta ukumbi wa Mabudha ukiwa kuta tupu. Kwa mungu wa maji walikuta rangi.

Sipendi kuwashutumu watawa wale. Walipima paa na picha, wakachagua paa, na ukumbi wa 1309 umesimama mpaka leo kwa sababu hiyo. Mtu aliye mbali, mwenye tumbo lililoshiba, ni rahisi kwake kuchagua picha. Swali linalonishughulisha ni jingine: kwa nini msumeno haukuingia kwa jirani? Sababu moja bila shaka ni soko. Makumbusho ya Marekani yalitaka Mabudha wakubwa, na kundi la wasanii wa kijijini halikuwa na bei hiyo. Lakini nadhani ipo ya pili, na inaanzia kwenye zile nguzo za chuma. Hekalu la chini lilikuwa mikononi mwa watawa wachache. Ukumbi wa Mingyingwang ulikuwa wa watumiaji wa mifereji miwili, vijiji kwa vijiji, kaunti mbili zisizoaminiana. Nani angeuza ukuta wa mungu wa maji bila upande wa pili kuuliza fedha zimegawanywaje, saba kwa tatu au vinginevyo? Ugomvi uleule uliowatoa watu damu kwa karne nyingi ulikuwa pia kufuli.

Hivyo mambo yakageuka juu chini. Mabudha waliochorwa ili wakae, wakubwa, wazito, walioshikamana na kuta zao kama mlima, ndio waliopanda meli. Kundi la watu wa barabarani, ambao kazi yao ilikuwa kufika na kuondoka, ndilo lililobaki. Guangsheng iliingia katika orodha ya kwanza kabisa ya urithi wa kitaifa wa China mwaka 1961, na sherehe ya tarehe 18 ya mwezi wa tatu inafanyika mpaka sasa.

Makumbusho yaliyowapokea Mabudha yamewatunza vizuri, na mtu anaweza kukaa mbele yao saa nzima. Lakini maelezo ya pembeni lazima yataje mahali pengine: kutoka Shanxi, kutoka hekalu fulani, kutoka ukuta fulani. Utepe wa Zhongduxiu hauhitaji kibao cha maelezo; anacheza hapa, na ni kweli. Simama mbele yake, geuzia mlango uso, uyatazame yale macho yaliyopakwa weupe na ule mkono ulioinua ukingo wa pazia. Hawakutazami wewe. Wanatazama juu ya bega lako, kaskazini, na huko nyuma yako aliyelipiwa mchezo huu bado ameketi.